Saa ya simu ikiruka mpakani: uiachie mtandao, ufuate mahali ulipo, au uchague mji mwenyewe?

Kutoka Tunduma hadi Nakonde ni mwendo mfupi wa miguu, lakini ukishavuka, saa inarudi nyuma saa nzima. Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa, ile inayoandikwa UTC, na Zambia iko saa 2. Wenyeji wamelizoea hilo, na wanapopatana biashara hutaja kabisa ni saa ya upande gani. Kinachowaumiza ni simu. Mtu yuko kwake Tunduma, hajavuka popote, ameweka kengele imwamshe saa 11 alfajiri awahi basi la Mbeya. Usiku simu inapoteza mnara wa nyumbani, inadaka wa ng'ambo, na saa inashuka kimyakimya. Kengele inalia saa 11 ya Zambia, ambayo kwa Tunduma ni saa 12, na basi limeshaondoka.

Hali ni hiyohiyo Rusumo kwa wanaopakana na Rwanda, Kabanga na Manyovu kwa Burundi, Kasumulu kwa Malawi, na kandokando ya mto Ruvuma kwa Msumbiji. Uganda nayo inaipata Katuna, Bunagana na Mpondwe, kwa kuwa Rwanda na mashariki ya Kongo ziko saa moja nyuma yake. Kwa aliye upande wa pili mambo yanageuka: mkazi wa Rusumo ya Rwanda ambaye simu yake imedaka mnara wa Tanzania ataamshwa saa nzima kabla ya wakati.

Ushauri unaotolewa ni mwingi. Zima otomatiki. Washa GPS. Mpelekee fundi simu aifute irudi kama ilivyotoka kiwandani. Isogeze tu kwa mkono. Ushauri huu hauna uzito sawa, na mmoja wake unaharibu zaidi kuliko unavyotengeneza, kwa hiyo inafaa kuzipima njia hizi kwa kuziweka pamoja kabla hujagusa chochote.

Kwanza tazama dakika

Weka simu yako kando ya simu nyingine unayoiamini. Kama dakika zinalingana na tofauti ni saa kamili, moja au mbili, basi ukanda wa saa ndio uliokosewa, ule ambao simu zilizowekwa Kiswahili huuita saa za eneo. Kama dakika nazo zimepishana, tuseme yako inasoma 10:17 na ya mwenzako 10:24, ugonjwa ni mwingine: saa yenyewe imechelewa, na dawa yake ni kuwasha saa ya otomatiki simu ikiwa na intaneti au mtandao.

Tofauti hii ndiyo msingi wa kila kitu kitakachofuata. Ndani ya simu kuna vitu viwili. Kuna saa ya msingi, inayohesabiwa kwa UTC na iliyo moja dunia nzima. Halafu kuna ukanda, ambao unaiambia simu iongeze saa ngapi juu ya hiyo kabla ya kukuonyesha kwenye kioo. Simu iliyoshikwa na mnara wa Zambia saa yake ya msingi ni sahihi kabisa. Imeongeza 2 badala ya 3, basi.

Jambo la pili la kuangalia ni mpaka ulio karibu nawe. Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Somalia zote ziko saa 3 mbele ya UTC. Ukiwa Namanga, Sirari, Busia, Malaba, Mutukula au Horohoro, simu ikidaka mnara wa jirani haibadilishi chochote kwenye saa. Kwa hiyo kama saa imeruka ukiwa huko, au ukiwa katikati ya Dodoma au Nakuru, usiulaumu mpaka. Tafuta sababu nyingine: ukanda uliowekwa kwa mkono ukasahauliwa, simu iliyonunuliwa Dubai ikaletwa na otomatiki imezimwa, au mtandao wenyewe unatuma saa isiyo sahihi.

Njia zenyewe kwa pamoja

| Njia | Inamfaa nani | Inakwama wapi |
|---|---|---|
| Ukanda wa otomatiki kutoka kwenye mtandao | Aliye mbali na mpaka, na msafiri wa ndege | Mnara wa jirani; laini mbili za nchi mbili; mtandao unaotuma saa mbovu |
| Ukanda wa otomatiki kwa mahali ulipo | Dereva wa masafa, kuli, mfanyabiashara anayevuka kila siku | Simu za zamani, mahali pamezimwa, ndani ya nyumba iliyo karibu sana na mstari |
| Kuchagua mji mwenyewe, saa ibaki otomatiki | Mkazi wa mpakani asiyevuka mara kwa mara | Ukisafiri lazima ukumbuke kubadilisha |
| Kuifungia laini kwenye mtandao wa nyumbani | Mkazi wa mpakani anayetaka pia kuokoa salio | Mnara wa nyumbani ukizimika unabaki bila mtandao |
| Kusogeza saa kwa mkono | Mwenye kiswaswadu (simu ndogo ya vitufe) tu | Kwenye simu janja inavuruga mengine mengi |

Kuiachia mtandao

Hivi ndivyo simu nyingi zinavyotoka dukani. Simu inapojiunga na mnara, mtandao unaweza kuitumia ujumbe mfupi wa kiufundi wenye tarehe, saa na tofauti kutoka UTC. Tofauti hiyo hupimwa kwa hatua za robo saa, ndiyo maana hata Nepal, iliyo saa 5 na dakika 45 mbele, inapata saa yake sawasawa. Mtandao haulazimiki kutuma ujumbe huu. Mingine hutuma, mingine haitumi, na mingine hutuma wenye makosa kwa sababu mtambo wao umewekwa vibaya.

Pamoja na ujumbe huo, simu inasoma namba ya nchi ambayo kila mtandao unajitambulisha nayo: 640 ni Tanzania, 639 Kenya, 641 Uganda, 635 Rwanda, 642 Burundi, 645 Zambia. Kwa nchi yenye ukanda mmoja, namba hiyo peke yake inatosha kuijulisha simu iko wapi. Ndiyo maana ukishuka Muscat na kuwasha simu, inapanda saa moja mbele ya Dar es Salaam bila kukuuliza. Kwa msafiri wa ndege sijaona njia bora kuliko hii, na kwa anayeishi Morogoro, Mombasa au Jinja hakuna haja ya kutafuta nyingine.

Kongo ndipo penye mtihani wake. Namba yake ni moja, 630, lakini kanda ni mbili: Kinshasa iko saa 1 mbele ya UTC, ilhali Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko saa 2. Simu ya Goma ikikosa ujumbe kamili wa mtandao, haina namna ya kujua kwa namba ya nchi tu kama iko mashariki au magharibi, na inaweza kuangukia saa ya Kinshasa. Mkazi wa Goma anayeona simu yake iko nyuma saa moja bila kuwepo mnara wa kigeni wowote, na hapa napenda kusisitiza, asihangaike na antena wala laini. Aende moja kwa moja kwenye kuchagua mji, aweke Lubumbashi.

Kisha kuna wenye laini mbili. Mfanyabiashara wa Tunduma ana laini ya Tanzania na ya Zambia katika simu moja, na zote mbili zinasoma vizuri. Mtandao mmoja unasema 3, mwingine unasema 2. Mfumo wa Android, taarifa hizo mbili zikiwa na uzito sawa, huichukua ya tundu la kwanza. Kama unataka kubaki kwenye otomatiki ya mtandao, toa laini zako, iweke ya nchi unayolala kwenye tundu namba 1, na ya ng'ambo namba 2. Ni kazi ya kipini na dakika moja, na mara nyingi inatuliza saa iliyokuwa ikirukaruka. Watengenezaji wengine wameubadilisha mfumo kwa namna yao, kwa hiyo ijaribu kwa usiku mmoja kabla hujaiamini na kengele ya safari.

Jambo moja watu hukosea sana: kuzima data ya nje ya nchi hakuzuii saa kuruka. Swichi ile inazuia bando lako lisiliwe, lakini simu bado inaweza kujiandikisha kwenye mnara wa jirani kwa ajili ya kupiga na kupokea, na ujumbe wa saa unaingia kwa njia hiyohiyo. VPN nayo haihusiki hapa. Inazidanganya tovuti kuhusu uliko, haigusi ukanda wa simu.

Kufuata mahali ulipo

Kuanzia Android 12, simu nyingi zina swichi ya pili chini ya ile ya ukanda wa otomatiki, inayoruhusu simu kutumia mahali ilipo kuchagua saa za eneo. Nenda Mipangilio, Mfumo, kisha Tarehe na saa. Kama huioni, huenda huduma ya mahali imezimwa kwa simu nzima. Iwashe kwanza, urudi. Kwenye iPhone jambo hili liko sehemu nyingine kabisa: ndani ya mipangilio ya faragha, kwenye huduma za mahali, ukishuka hadi chini kwenye huduma za mfumo utakuta swichi ya kuweka ukanda wa saa. Wengi huizima wakidhani inakula chaji, halafu miezi inapita wanashangaa simu imefika Doha na bado inasoma saa ya London.

Hapa mnara wa Nakonde haukusumbui tena. Simu inauliza iko sehemu gani ya ramani, na ramani inajua mpaka unapita wapi. Kwa dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Lusaka na kurudi, au utingo anayepita Rusumo kila wiki, hii ndiyo njia ninayoipendekeza bila kusita. Anavuka, saa inavuka naye. Anarudi, inarudi.

Ina masharti yake. Nje, penye anga wazi, GPS inakosea kwa mita chache tu. Ndani ya nyumba ya bati, au chini ya kontena, simu huacha setilaiti na kukisia kwa kutumia Wi-Fi na minara, na makisio hayo yanaweza kukosea kwa mamia ya mita au zaidi. Kwa aliye kilomita 10 kutoka mpakani hilo si kitu. Kwa mwenye duka lililotazamana na geti la forodha, simu inaweza kumvusha akiwa amekaa. Huyo nisingemshauri njia hii, hata kama simu yake ni mpya.

Kuchagua mji mwenyewe

Kwa mkazi wa mpakani ambaye anaishi, anafanya kazi na kulala upande mmoja, hili ndilo jibu. Unazima ukanda wa otomatiki, unachagua mji wa nchi yako, na unaiacha saa ya otomatiki ikiwa imewashwa. Simu inaendelea kupata dakika na sekunde sahihi kutoka kwenye mtandao, lakini ni wewe unayeiambia iongeze saa ngapi. Minara ya Zambia yote ikiwaka kwa pamoja haitakuhamisha.

Utaratibu una umuhimu. Gusa ukanda kwanza, usiiguse saa. Ukishachagua Dar es Salaam utaona 09:40 ikigeuka 10:40 mbele ya macho yako, bila kugusa namba yoyote. Ikigeuka hivyo, ujue kazi imeisha. Kwenye simu nyingine, iPhone ikiwemo, swichi ni moja inayoshika vyote viwili, saa na ukanda. Ukiizima, zote zinakuwa mikononi mwako. Fuata mpangilio uleule: mji kwanza, na saa uiache ilivyo. Kwa kuwa sasa simu inajihesabia yenyewe, itaanza kuachana na saa sahihi taratibu sana, kwa hiyo mara mojamoja washa otomatiki ukiwa mbali na mpaka ijirekebishe, kisha uzime tena. Huu ni udhaifu wa kweli wa simu za swichi moja, na mwenye nayo aliye mpakani anaweza kuona afadhali njia ya kufungia mtandao nitakayoieleza chini.

Kuhusu mji wa kuchagua, usibabaike ukikosa wako kwenye orodha. Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Addis Ababa zinatoa saa ileile, na hakuna kati ya nchi hizo inayosogeza saa kwa misimu. Kwa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, Kigali, Lubumbashi, Lusaka, Harare au Maputo zote zinafaa. Epuka Cairo. Misri ilirudisha saa za majira ya joto mwaka 2023, kwa hiyo mtu wa Bujumbura aliyechagua Cairo kwa sababu ilikuwa ya kwanza kwenye orodha ya +2 ataamka siku moja mwishoni mwa Aprili simu iko mbele saa nzima, na itabaki hivyo hadi mwishoni mwa Oktoba. Epuka Beirut na Athens kwa sababu hiyohiyo. Riyadh, ikitokea simu imekuandikia hiyo badala ya Nairobi, haina madhara, kwa maana Saudi Arabia iko saa 3 na haisogezi saa.

Gharama ya njia hii ni kumbukumbu yako. Siku ukipanda ndege kwenda Muscat au Dubai, ambako ni saa 4 mbele ya UTC, simu itabaki na saa ya nyumbani, na muda ulioandikwa kwenye tiketi ya kurudi ni wa huko uliko. Kabla ya safari yoyote ya kuvuka nchi, rudisha otomatiki.

Kuifungia laini kwenye mtandao wa nyumbani

Njia hii haigusi saa hata kidogo, ila inakata mzizi wa tatizo. Kwenye mipangilio ya mtandao wa simu kuna sehemu ya kuchagua mtandao, ambayo kwa kawaida iko otomatiki. Ukiizima, simu inatafuta kwa dakika moja au mbili kisha inakupa orodha ya mitandao yote inayosikika hapo ulipo. Ukiwa mpakani orodha hiyo inaweza kukushangaza kwa wingi wa majina ya ng'ambo. Chagua wa laini yako. Kuanzia hapo simu haitajiunga na mwingine.

Faida yake kubwa ni salio. Anayekaa karibu na mpaka mara nyingi hukatwa kwa viwango vya nje ya nchi bila kujua, amepiga simu ya kwenda nyumba ya tatu ikapita Zambia. Ukifunga mtandao unaokoa saa na pesa kwa pamoja. Ndiyo maana kwa mwenye laini moja na simu ya swichi moja naiweka njia hii mbele ya kuchagua mji.

Hasara yake iko wazi. Umeme ukikatika na mnara wa nyumbani ukazimika, mwenye otomatiki atapata angalau mnara wa jirani wa kupiga simu ya dharura ya familia; wewe utabaki na kioo kinachosema hakuna huduma mpaka uende kwenye mipangilio uifungue. Mwenye mgonjwa nyumbani alipime hilo. Kwa anayetaka suluhisho la mara moja tu bila kufunga chochote, washa hali ya ndegeni kwa nusu dakika, sogea mbali kidogo na mpaka au panda juu penye mnara wa kwenu, kisha izime. Simu ikishang'ang'ania mnara wa kigeni mara nyingi haiuachii yenyewe hadi ukatike, na hali ya ndegeni ndiyo inayoulazimisha utafutaji mpya.

Kwa nini usisogeze saa kwa mkono

Hili ndilo jambo linalonifanya niandike, kwa sababu ndilo linalofanywa na wengi na ndilo lenye madhara. Simu inasoma 17:00, wewe unajua ni 18:00, unazima otomatiki na kupandisha namba. Kioo sasa kinasema kweli. Lakini ukanda bado ni wa Zambia, kwa hiyo ili kukuonyesha 18:00 simu imelazimika kuamini kwamba saa ya dunia iko mbele kwa saa nzima kuliko ilivyo. Kila programu inayoitegemea saa ya msingi sasa inadanganywa.

Chukua programu ya vipindi vya sala. Inakokotoa kuzama kwa jua kwa kutumia mahali ulipo, kwa UTC, kisha inakuonyesha kwa ukanda wa simu. Tuseme magharibi ya kweli Tunduma ni saa 12 na nusu jioni. Simu yenye ukanda wa Zambia itaandika 17:30, jambo linalokera, lakini adhana italia jua linapozama, kwa sababu saa ya msingi ni sahihi. Sasa sogeza saa kwa mkono. Simu inaamini wakati umeshatangulia, adhana inalia saa nzima kabla, jua bado liko juu ya mapaa. Katika mwezi wa Ramadhani mtu anafungua kwa kuifuata simu yake akiwa na nia safi kabisa, na siku yake imeharibika. Aliyebadilisha ukanda hapati shida hii hata mara moja.

Namba za siri za muda, zile ambazo programu za uthibitishaji hutengeneza na kubadilisha kila sekunde 30, nazo zinahesabiwa kwa saa ya msingi. Ukiisogeza saa kwa mkono, kila namba inakataliwa, na mtu anadhani akaunti yake imeibiwa. Mkutano unaouweka kwenye kalenda saa 4 unawafikia wenzako kama saa nyingine. Picha uliyopiga ya mzigo forodhani, ambayo huenda ukaihitaji ikitokea ubishi kuhusu lini lori lilifika, inabeba muda usioweza kuutetea.

Kwa kiswaswadu ni tofauti. Vingi havina programu za kudanganywa, na vingine havina hata sehemu ya ukanda. Zima kujisasisha kwa saa, weka namba kwa mkono, basi. Kumbuka tu kwamba ukitoa betri, saa ya baadhi yake inaanza upya.

Na fundi? Kuifuta simu irudi kama ilivyotoka kiwandani hakutibu kitu. Itaondoka kwa fundi ikiwa tupu, picha na namba zako zimekwenda, na dakika itakapoushika mnara wa jirani saa itaruka kama jana. Usilipie hilo.

Wanaoishi kwa saa mbili

Kuna watu ambao hakuna chaguo kati ya haya linalowatosha. Muuzaji wa dagaa wa Kigoma mwenye wateja Bujumbura, karani wa kampuni ya forodha anayeshughulika na pande zote mbili, abiria wa treni ya TAZARA anayepanga safari ya Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, na ratiba inayobadilika saa katikati ya njia. Kwao hoja ya saa ipi ni sahihi haina maana, kwa kuwa zote mbili ni sahihi na zote zinahitajika. Chagua mji unaolala, ufunge kama nilivyoeleza, kisha fungua programu ya saa, ongeza mji wa pili kwenye saa ya dunia, na uweke saa hiyo kwenye kioo cha mbele kando ya ya kwanza. Kengele zote zitafuata ukanda wa simu, kwa hiyo za kuamkia ziweke kwa saa ya nyumbani tu, usijaribu kuzitafsiri kichwani usiku ukiwa na usingizi.

Simu ya zamani inayokosea hata ikiwa otomatiki

Limebaki kundi moja, na hili linawahusu zaidi madereva wa Kenya na Uganda wanaokwenda Juba. Sudan Kusini ilihama kutoka saa 3 hadi saa 2 mbele ya UTC tarehe 1 Februari 2021. Sudan ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2017. Simu hujua mabadiliko ya namna hii kupitia orodha ya kanda iliyomo ndani yake, na orodha hiyo inahitaji kusasishwa. Simu za Android kuanzia toleo la 10 zinaweza kuipata orodha mpya kupitia masasisho ya mfumo ya Google Play, bila kusubiri toleo zima jipya kutoka kwa mtengenezaji. Zilizo nyuma ya hapo zinategemea mtengenezaji, na nyingi hazijapata kitu kwa miaka.

Simu kama hiyo ikifika Juba itasoma saa ya Nairobi hata ukiwasha kila swichi ya otomatiki, kwa sababu kwa ufahamu wake Juba bado iko saa 3. Kuchagua Juba kwa mkono hakusaidii, maana jina ni sahihi lakini namba iliyo nyuma yake ni ya zamani. Khartoum nayo inaweza kuwa vivyo hivyo kwenye simu ya kabla ya 2017. Zima ukanda wa otomatiki, pita majina hayo mawili, chagua Harare au Maputo. Ukirudi Nimule na kuingia Uganda, chagua Kampala.